Kikohozi, kichomi na pumu: mwongozo kamili wa kumhudumia mgonjwa wa kifua, kuanzia nyumbani hadi hospitali

Mtu akikohoa nyumbani kwetu, mara nyingi safari ya kwanza ni dukani. Mzazi anafika kwenye duka la dawa muhimu anasema, "Naomba dawa ya kikohozi," muuzaji anauliza kama ni kikavu au cha makohozi, chupa inafungwa, basi. Swali lenyewe lina kasoro. Kikohozi si ugonjwa. Ni njia ya mwili ya kusafisha mapafu, na kinaweza kuletwa na mafua yatakayoisha yenyewe, na nimonia inayoweza kuua mtoto ndani ya siku mbili tatu, na kifua kikuu, na pumu, hata na punje ya karanga iliyopita njia isiyo yake. Chupa ya dawa haiwezi kujua ni kipi kati ya hivyo.

Mwongozo huu umeshikilia vitu viwili ambavyo kila nyumba inavyo: saa na kalenda. Kwa saa utahesabu pumzi, kwa kalenda utahesabu siku. Ukivijua hivyo viwili, utajua lini kukaa nyumbani na uji na paracetamol, na lini kutafuta bodaboda usiku huo huo.

Hatua ya kwanza: hesabu pumzi kwa dakika nzima

Hii ndiyo hatua ninayotamani kila mama, baba, bibi na dada wa kazi aijue. Haihitaji kifaa zaidi ya saa ya simu.

Mtulize mtoto kwanza. Mtoto anayelia, aliyetoka kukimbia au anayenyonya kwa pupa atapumua haraka hata kama ni mzima, na hesabu itakudanganya. Akiwa amelala au ametulia mapajani, pandisha nguo uone tumbo na kifua. Kila kifua kinapopanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 60 kamili. Usihesabu kwa sekunde 15 kisha ukazidisha kwa nne, maana watoto wadogo hupumua bila mpangilio: mara haraka, mara wanasita kidogo.

Sasa linganisha na umri. Mtoto wa chini ya miezi 2 anahesabiwa kuwa anapumua haraka akifikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika. Wa miezi 2 hadi kabla hajatimiza mwaka, ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Hivi ndivyo viwango vya Shirika la Afya Duniani ambavyo wahudumu wa zahanati zetu hufundishwa, kwa hiyo ukienda ukasema "nimehesabu 54 akiwa amelala, ana miezi minane", unazungumza lugha yao. Kwa kichanga cha chini ya miezi 2, ukipata 60 au zaidi, hesabu mara ya pili. Ikibaki vilevile, usingoje asubuhi. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Akifika 30 akiwa amekaa tu, hali yake ni mbaya hata kama anakuambia yuko sawa.

Baada ya kuhesabu, angalia kifua cha chini, pale mbavu zinapoishia. Mtoto mzima akivuta hewa, kifua na tumbo vyote hutoka nje. Mwenye nimonia inayomzidi nguvu, sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani kila anapovuta. Kama pua imeziba, isafishe kwanza kwa matone ya maji ya chumvi na kitambaa safi, kisha tazama tena, kwa sababu pua iliyoziba peke yake inaweza kumfanya mtoto ajivute hivyo. Kifua kikiendelea kubonyea, nenda.

Hatua ya pili: zijue dalili ambazo hazingoji

Kuna hali ambazo ukiziona unaacha kila kitu na kwenda kituo cha afya au hospitali, usiku au mchana, una hela au huna. Kwa mtoto ni hizi: ameshindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea mno, hashtuki wala haamki vizuri, anatoa sauti ya mkwaruzo anapovuta hewa akiwa ametulia, kifua kinabonyea, pua zinatanuka kila anapopumua. Kichanga cha chini ya miezi 2 chenye homa, au ambacho mwili wake umekuwa wa baridi isiyo ya kawaida, nacho ni cha hospitali moja kwa moja.

Kwa mkubwa: kushindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, kuchanganyikiwa, kukohoa damu, maumivu makali ya kifua, au midomo kubadilika rangi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi usiangalie uso tu. Fungua mdomo uangalie ulimi na ndani ya midomo, kisha kucha. Hapo ndipo rangi ya kijivu au bluu inaonekana mapema.

Neno moja kuhusu mtoto aliyekuwa anacheza vizuri, hana homa, ghafla akapaliwa na kuanza kukohoa. Huyo huenda amevuta kitu: karanga, punje ya hindi, mbegu ya ubuyu, kifuniko cha kalamu. Kikohozi kinaweza kutulia baada ya muda mkadhani kimepita, kumbe kitu kimeteremka kwenye pafu na wiki mbili baadaye anaugua nimonia isiyopona. Mpeleke hata kama ametulia, na ueleze alikuwa anakula nini.

Hatua ya tatu: mafua yatunze, usiyapige mabomu

Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na virusi havifi kwa amoksilini wala antibayotiki nyingine yoyote. Pua inatiririka, koo linawasha, homa ni ya wastani, na kwa siku 7 hadi 10 mambo huwa yametulia, ingawa kikohozi chenyewe kinaweza kuburuza hadi wiki tatu kwa mtoto anayecheza na kula vizuri. Makohozi kugeuka manjano au kijani katikati ya safari hiyo si hukumu ya bakteria. Nasisitiza hili kwa sababu hapo ndipo watu hukimbilia antibayotiki, wanameza vidonge vinne, wanapata nafuu ambayo wangeipata tu, na vilivyobaki vinahifadhiwa kabatini kwa mgonjwa mwingine. Bakteria wanaobaki mwilini wanajifunza kuishi na dawa hiyo, na siku nimonia ya kweli ikija, dawa haitashika.

Homa ya mafua makali, ile ya influenza, huja kwa kishindo zaidi: mwili wote unauma, kichwa, baridi, uchovu wa kushindwa kutoka kitandani. Korona nayo hufanana nayo sana. Kwa kijana mwenye afya zote mbili hutunzwa nyumbani. Kwa mjamzito, mzee, mwenye kisukari, mwenye pumu au anayeishi na VVU, ni vyema aonwe mapema, kwa sababu ni kwa hao virusi hufungua mlango wa nimonia.

Matunzo yenyewe ni haya. Maji, uji mwepesi, supu, na kwa mtoto mchanga maziwa ya mama mara nyingi zaidi kwa vipindi vifupi. Paracetamol kwa homa na maumivu: kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10, kwa shira yenye miligramu 120 katika mililita 5, mililita 5 zinamtosha. Tumia kipimo kilichokuja na chupa, vijiko vya jikoni havilingani. Aspirini usimpe mtoto kabisa. Asali kijiko kidogo kabla ya kulala hutuliza kikohozi kwa aliyetimiza mwaka mmoja, na chai ya tangawizi na limau haina ubaya. Chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku, inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolemaza misuli ya kichanga.

Shira nyingi za kikohozi hazifupishi ugonjwa hata kwa siku moja, na zile zenye kodeini zinaweza kumzimisha mtoto pumzi. Kujifukiza nako, ambako watu wengi walikutumia sana wakati wa korona, humpa mkubwa nafuu ya pua iliyoziba lakini hakuui virusi wala hakutibu nimonia. Na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na mtoto ni ajali ya moto inayosubiri kutokea. Usifanye hivyo.

Hatua ya nne: kichomi, yaani nimonia

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo mno vya hewa, mamilioni, ambako oksijeni huvuka kuingia kwenye damu. Nimonia ni pale vifuko hivyo vinapojaa usaha na majimaji. Oksijeni inakosa pa kuvukia, na mwili unajaribu kufidia kwa kupumua haraka. Ndiyo maana saa yako inaiona nimonia mapema kuliko jicho lako. Mtu mzima hupata homa kali, kutetemeka, kikohozi, na maumivu kama ya kuchomwa upande mmoja wa mbavu kila anapovuta pumzi. Mtoto mdogo hawezi kukuambia panapouma, na wengine hawakohoi sana. Wanapumua tu, haraka haraka.

Hapa kuna mtego unaotokea sana maeneo yenye malaria. Mtoto ana homa, anapelekwa, anatobolewa kidole, kipimo cha haraka cha malaria kinasoma hapana, mama anaambiwa ampe paracetamol. Kama hakuna aliyehesabu pumzi, nimonia imerudi naye nyumbani. Kinyume chake pia hutokea: malaria imepatikana kweli, dawa mseto zimetolewa, lakini mtoto ana vyote viwili. Kwa hiyo uliza kwa heshima, "Daktari, naomba mnihesabie pumzi zake." Si kumfundisha kazi. Ni haki ya mwanao.

Nimonia isiyo na dalili za hatari, kwa mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5, hutibiwa na amoksilini ya vidonge vya kumumunyuka kwenye maji au maziwa ya mama, mara mbili kwa siku, kwa kawaida siku 5, kipimo kikifuata uzito. Mrudishe baada ya siku 2 hadi 3 aangaliwe, na mrudishe siku hiyo hiyo akizidiwa. Kama pumzi zimeanza kushuka na anakula, dawa imeshika, na bado unamaliza siku zote. Nimonia kali ni ya kulazwa: sindano, na juu ya yote oksijeni. Kile kifaa kidogo cha kubana kidole husoma kiasi cha oksijeni kwenye damu, na chini ya asilimia 90 mtoto anahitaji oksijeni bila mjadala. Kuna wazazi wanaokataa mipira ya oksijeni puani wakiamini kwamba anayewekewa oksijeni ndiye anayekufa. Naomba tuliondoe wazo hilo. Waliochelewa kufika ndio waliotuachia kumbukumbu hiyo mbaya, oksijeni haikuwaua.

Mtoto aliyezaliwa na mama anayeishi na VVU ana hatari ya aina ya nimonia inayotokana na fangasi, inayoanza ghafla na kumchosha upesi. Kotrimoksazoli ya kinga, ambayo wengi huiita septrini, hutolewa kwa sababu hiyo. Usiiache hata siku anapoonekana mzima.

Na kuna kimeo. Katika jamii nyingi za Tanzania mtoto akikohoa muda mrefu huambiwa kimeo chake kimerefuka, akapelekwa kwa mtaalamu wa jadi kikatwe. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo hakisababishi kikohozi cha mapafu. Kukikata nyumbani kwa kisu kimoja kinachotumika kwa watoto wengi kumeleta damu isiyokatika, pepopunda na maambukizi, na wakati huo nimonia au kifua kikuu kinaendelea chini kwenye mapafu. Bibi anayeshauri hivyo anampenda mjukuu wake, kwa hiyo usimkaripie. Kaa naye, mwonyeshe namna ya kuhesabu pumzi, mpe kazi hiyo aifanye yeye. Nimeona mabibi wakawa wahesabuji wazuri kuliko wazazi.

Hatua ya tano: kikohozi kikifika wiki mbili, geukia kalenda

Weka alama kwenye kalenda siku kikohozi kilipoanza. Kikifika wiki mbili, hata kama si kikali, hata kama umepata nafuu na kurudi, nenda ukapime kifua kikuu. Kwa anayeishi na VVU hakuna kusubiri wiki mbili: kikohozi cha siku yoyote kinatosha. Dalili nyingine ni homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda na kukosa hamu ya kula. Mtoto mara nyingi hana makohozi wala damu, dalili yake ni kadi ya kliniki: uzito umesimama au unashuka, hana furaha, hachezi.

Vijidudu vya kifua kikuu viligunduliwa na Robert Koch, aliyetangaza jambo hilo Berlin tarehe 24 Machi 1882, na tarehe hiyo sasa ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Huenea kwa hewa, mgonjwa ambaye hajaanza dawa anapokohoa au kuimba kwenye chumba kisicho na upepo. Hauenei kwa sahani, kikombe wala kupeana mkono. Familia zinazomtengea mgonjwa vyombo huku zikilala naye chumba kimoja na madirisha yamefungwa zimejilinda mahali pasipo na hatari na kuacha mlango wazi penye hatari.

Kutoa sampuli nzuri ya makohozi ni nusu ya kipimo. Asubuhi kabla ya kula, sukutua kwa maji matupu, toka nje penye hewa na mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka ndani ya kifua. Mate mepesi yenye mapovu hayatasaidia, tunataka makohozi mazito. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa takribani saa mbili na huonyesha pia kama vijidudu vimeshakuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa sampuli zilizotoka vituoni, na wamekuwa wakibaini wagonjwa ambao hadubini iliwaona hawana kitu. Panya akionyesha dalili, maabara huthibitisha.

Matibabu ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya dawa nne kwa pamoja katika kidonge kimoja, halafu miezi 4 ya dawa mbili. Tanzania na Kenya dawa hizi ni bure katika vituo vya umma. Ugumu wake uko mwezi wa pili au wa tatu, kikohozi kimekwisha, uzito umerudi, mtu amerudi kazini, na kliniki ni mbali. Hapo ndipo wengi huacha, na hapo ndipo kifua kikuu sugu huzaliwa. Mgonjwa wako akifika mwezi huo, msindikize, mkumbushe, mlipie nauli kama unaweza.

Mambo ambayo anafaa kuambiwa mapema: mkojo, machozi na jasho vitakuwa vya rangi ya chungwa, ni dawa tu. Macho yakigeuka manjano au akitapika mfululizo, aende kituoni mara moja, ini linaweza kuwa limeguswa. Miguu ikiwaka au kufa ganzi, kuna vitamini B6. Rifampisini hudhoofisha vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, basi wenzi wazungumze na muuguzi kuhusu njia nyingine. Anayetumia dawa za VVU aseme kliniki zote mbili, kwa sababu dolutegravir huhitaji kuongezwa kipimo. Watoto wa chini ya miaka 5 wa nyumba hiyo, na yeyote anayeishi na VVU, wapimwe, na wasio na ugonjwa wapewe dawa za kinga. Aliyepata usugu naye anatibika. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha mkoani Kilimanjaro, imekuwa kituo kikuu cha wagonjwa hao Tanzania.

Hatua ya sita: pumu, na tofauti ya dawa mbili

Pumu si laana, si ya kuambukiza, na haihitaji ifichwe kwa mchumba. Mirija ya hewa huwa imevimba kwa ndani muda wote, hata siku mtu anapojisikia mzima. Kikitokea kichokozi, misuli inayoizunguka hubana, ute unaongezeka, na hewa inapita kwenye tundu dogo. Ndiyo ule mlio wa filimbi, ule kubanwa usiku wa manane na alfajiri, kile kikohozi kikavu kinachokuja na kuondoka kila msimu. Vichokozi hutofautiana: vumbi, mafua, baridi, moshi, manukato makali, udi na ubani ndani ya chumba kilichofungwa, dawa ya mbu ya kuchoma, mende, manyoya ya paka, mbio, na kwa baadhi ya watu aspirini au ibuprofeni. Andika kinachokushika wewe. Daftari la mwezi mmoja litakufundisha mengi.

Dawa ziko za aina mbili, na kuzichanganya kunaua. Salbutamol, mara nyingi bomba la bluu la kupulizia dawa mdomoni, hufungua mirija kwa dakika chache lakini haigusi uvimbe. Dawa ya kuvuta yenye steroidi, kama beklometasoni, hupunguza uvimbe, hufanya kazi polepole kwa siku na wiki, na hutumiwa kila siku hata ukiwa mzima. Tangu 2019 wataalamu wa pumu duniani, kupitia mwongozo wa GINA, wameacha kushauri watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamol peke yake, kwa sababu wanaoitegemea hiyo tu hushambuliwa vibaya zaidi. Bado wengi wetu hupewa vidonge vya salbutamol na aminofilini. Vidonge hivyo hutetemesha mikono, huendesha moyo mbio, na huzidiwa mbali na dawa inayovutwa hadi kwenye mapafu penyewe. Uliza bomba la kinga. Na ule uvumi kwamba "bomba linazoesha" haujengwi na kitu. Ukishavuta steroidi, sukutua mdomo na uteme, usipate utando mweupe kinywani.

Mtoto hawezi kulenga bomba, na wakubwa wengi pia hukosea. Dawa inaishia ulimini. Suluhisho ni chombo cha kati, kinachokaa kati ya bomba na mdomo. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita hufanya kazi sawa na chombo cha kununua. Osha chupa ya maji ya 500 ml kwa maji ya sabuni, iache ijikaushe yenyewe bila kuifuta. Toboa kitako chake tundu la umbo la mdomo wa bomba, liingie kwa kubana, kisha ziba pembeni kwa utepe wa gundi. Tikisa bomba, bonyeza mara moja, mtoto avute na kutoa pumzi kupitia mdomo wa chupa mara 4 hadi 6. Ndipo ubonyeze tena. Bonyezo moja kwa wakati mmoja.

Shambulio likija, mkalishe wima akiegemea mbele kidogo, usimlaze. Ondoa watu waliomzunguka, fungua dirisha. Mpe mabonyezo 4 ya salbutamol kwa utaratibu huo, moja moja. Asipopata nafuu ndani ya dakika chache, anza safari ya hospitali, ukirudia mabonyezo 4 hadi 10 kila dakika 20 njiani kwa saa ya kwanza. Filimbi ikinyamaza ghafla huku mgonjwa akiwa bado anahangaika na amechoka, hiyo ni hatari kubwa kuliko mlio wenyewe: hewa haipiti tena.

Hatua ya saba: mama aliyepika kwa kuni miaka arobaini

Anakohoa kila asubuhi, anahema akipanda kilima cha kisimani, anaambiwa ni uzee. Huenda ni ugonjwa sugu wa kuziba mapafu, na huko mijini huwapata zaidi wavuta sigara. Tofauti na pumu, hauachii katikati. Waliowahi kuugua kifua kikuu, na wachimbaji waliovuta vumbi la mawe migodini, nao wamo. Hupimwa kwa kupuliza mashine. Hauponi, lakini kuacha sigara na moshi huuchelewesha, na zipo dawa za kuvuta. Mfundishe kuvuta hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai ya moto, na kutembea kidogo kila siku badala ya kukaa kitandani.

Hatua ya nane: jiko, dirisha na kadi ya chanjo

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kabla gesi haijakufikia, pikia nje au kwenye banda lenye uwazi pande mbili, tumia kuni kavu, loweka maharage usiku ili yaive upesi, na usimbebe mtoto mgongoni ukiwa motoni. Koroboi ndani ya chumba cha kulala ni moshi ule ule. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani usiku kwa ajili ya joto, hata mkaa ukiwa mwekundu usio na moshi. Hutoa gesi isiyo na harufu, na kila msimu wa baridi kwenye mikoa ya nyanda za juu familia nzima hukutwa zimefariki usingizini.

Chanjo zifuate kadi: BCG ya kifua kikuu anapozaliwa, pentavalenti (ya magonjwa matano) na ya nimokoko wiki ya 6, 10 na 14, na surua miezi 9 na 18. Surua hudhoofisha mapafu kiasi kwamba nimonia ndiyo inayomaliza watoto wengi waliougua surua. Umechelewa? Nenda hivyo hivyo, muuguzi atapanga upya.

Unapotoka kwenda kituoni, beba kadi ya mtoto, dawa zote alizokwisha kutumia pamoja na maboksi yake hata zile za kienyeji, na karatasi yenye mambo matatu: siku kikohozi kilipoanza, pumzi ulizohesabu na saa uliyohesabu, na nani mwingine nyumbani au shuleni anayekohoa. Mpe mhudumu karatasi hiyo kabla hajashika kalamu.